Walichukua Neno Moja

Peti alikuwa na hasira ya miaka sitini na mitatu, na aliitunza vizuri. Kuna watu ambao hasira yao hupanda na kushuka kama maziwa jikoni. Yake haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa naye miaka thelathini akiwapikia wakata manyoya ya kondoo, ilikuwa naye akilea mabinti watatu, ilikuwa naye akimzika mume, na bado ilikuwa na nguvu ya kumfanya apige meza yake mwenyewe ngumi siku Hira alipomletea kile kitabu.

Hira ni mjukuu wake, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya Glenorrin, ileile aliyosoma Peti, chini ya milima ya theluji kusini mwa Nyuzilandi. Shule ilikuwa inakaribia kutimiza miaka mia na ishirini na mitano, na walimu walitumwa kufukua stoo watafute vitu vya kale vya kuwaonyesha wageni. Wenzake walipata picha, kengele, na madawati yenye tundu la wino. Hira akapata daftari la adhabu, jalada jeusi, kurasa zimeliwa na unyevu pembeni.

"Taua, sijui kama nimefanya vizuri kukuletea," alisema. Taua ndivyo Wamaori wa kusini, wenyeji wa asili wa nchi ile, wanavyomwita bibi.

"Soma. Miwani yangu iko chumbani."

Hira akasoma, sauti ikimpungua kadiri alivyosogea. "Tarehe kumi na nne Juni, 1955. Teone, miaka kumi. Irihapeti, miaka minane. Kosa: kusema Kimaori uwanjani. Viboko vinne kila mmoja. J. Haddow, mwalimu mkuu."

Irihapeti ndilo jina kamili la Peti, na Teone ni kaka yake. Hapo ndipo meza ilipopigwa. Kikombe kikaruka, chai ikamwagikia kitambaa.

"Mwandiko wake mzuri, eh?" Peti akauliza.

"Mzuri, Taua."

"Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Mungu amlaze anapostahili."

Sasa, ili mtu aielewe ngumi ile, lazima amjue kea. Ni kasuku mkubwa wa milimani, wa kijani kibichi, akifungua mbawa chini yake unaona rangi ya moto, na mdomo wake umepinda kama ndoano ya buchani. Haogopi mtu. Atakula mpira wa dirisha la gari lako huku anakutazama usoni. Jina lake alijitajia mwenyewe: hupita juu ya mabonde akilia keee-a, keee-a, na wazee wa Peti, waliokuwa watu wa kusikiliza, wakamwita alivyojiita. Wazungu walipopanda huko na kondoo wao hawakuwa na jina la ndege yule, wakachukua lililokuwepo. Kisha kea akagundua kwamba mgongo wa kondoo una mafuta, na jina lile likabadilika ladha. Midomoni mwa wafugaji kea akawa mwizi, akawa muuaji, na serikali ikawa inatoa zawadi kwa kila mdomo wa kea uliokatwa na kuletwa. Mtoto mdokozi akaitwa kea. Kibarua asiyeaminika akaitwa kea.

Nyumbani kwa Mata jina hilo lilikuwa na kazi nyingine. Mata alikuwa bibi yao Peti na Teone, ndiye aliyewalea, na katika bonde zima alikuwa amebaki peke yake ambaye hakuwa na lugha nyingine ndani ya nyumba isipokuwa Kimaori. Kea akitua juu ya kibanda cha kuni, Mata aliacha alichokuwa akifanya, akafuta mikono kwenye aproni, akamwamkia kama anavyoamkiwa mgeni: "Karibu, kea. Wameamkaje huko juu?" Maana juu huko ndiko walikozikwa watu wake. Kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba ya ndege, "Wameamka salama, wanawaulizia," na wale watoto wawili wakavunjika mbavu kwa kucheka.

Basi siku ile ya Juni kea alitua juu ya paa la shule akaanza kung'oa misumari. Watoto wote wakakimbilia uwanjani, na Teone na Peti, bila kuwaza, wakapaza sauti pamoja: "Karibu, kea! Wameamkaje huko juu?"

Haddow akatoka. Akawashika masikio, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, akawaingiza ofisini, akauchukua mkanda mnene wa ngozi ukutani. Peti, ambaye hata akiwa na miaka minane hakujua kufunga mdomo, akasema, "Lakini mwalimu, hata wewe jana ulisema kea."

"Kea ni Kiingereza," Haddow akajibu. "Imo kwenye kamusi." Akaifungua kamusi mbele yao, akasoma akifuata kwa kidole: "Kea. Kasuku wa milimani. Mharibifu wa kondoo. Hilo ni neno. Hayo mengine mliyosema ni makelele." Kisha akachapa.

Mtu apime mwenyewe. Katika sentensi nzima ya bibi yao, Haddow alichukua neno moja akaliweka kamusini, na yaliyobaki akayachapa viboko vinne. Peti alilipima hilo maisha yake yote, na kila alipolipima lilimpandisha mori upya. Na Haddow hakuishia hapo. Kuanzia siku ile, wale ndugu wawili wakiingia darasani alisema, "Hesabuni penseli zenu, makea wameingia," na darasa zima likacheka, na mwaka ulipokwisha hata waliokuwa rafiki zao waliwaita hivyo bila kufikiri.

Peti alipona kwa kukasirika. Teone hakukasirika, na hilo ndilo lililomharibu. Tangu siku ile hakutamka tena neno hata moja la Kimaori, si shuleni, si nyumbani. Mata akimsemesha, anajibu kwa Kiingereza. Miaka mitatu baadaye Mata akalala kitandani asiinuke. Siku zake za mwisho alikuwa haoni, anapapasa shuka na kuita, "Teone, upo? Teone, mwanangu, upo?" Na Teone, kijana wa miaka kumi na mitatu, amesimama miguuni pa kitanda, machozi yanamtiririka, anajibu kwa Kiingereza, "Nipo, bibi. Nipo hapa." Mata akageuza uso kwa Peti akamuuliza, "Nani huyo mtoto wa Kizungu aliyeko chumbani?"

Akafa hivyo. Peti hakumsamehe Haddow, na ukweli usemwe, hakumsamehe Teone pia.

Teone alikua akawa mchungaji wa kondoo kwenye mashamba ya milimani, na miaka ile ya mwanzo alikuwa pia mpiga risasi wa makea, hodari kuliko wote, midomo yao kaitunga kwenye waya kama shanga. Sheria ilipogeuka na kea akalindwa, akatundika bunduki. Alikuwa sasa na miaka sabini na mitatu, mjane, anaishi na mbwa wawili karibu na mto, anakuja kwa dada yake Jumapili kula, wanazungumza habari za mvua.

Na kea je? Kea alikuwa amepanda cheo. Wajukuu wa walewale waliokuwa wakimpiga risasi sasa walimvaa kifuani kwenye fulana, walimnywea chai kwenye vikombe, walimwita hazina ya taifa. Na shule ya Glenorrin, kwa kutimiza miaka yake, ilikuwa imeagiza sanamu ya kea ya shaba, iwekwe mbele ya ukumbi.

Mwalimu mkuu wa sasa, Alison, alikuja mwenyewe kwa Peti kuomba. Alikuwa mama mwenye nia njema na viatu vya mvua. Alitaka mambo yafuate desturi: wageni wasimame nje ya lango, na Peti, kwa sauti ile ya wanawake wa Kimaori ambayo huita wageni na wafu wao pamoja, awaite waingie. Bila wito huo hakuna mguu unaovuka lango, kila mtu Glenorrin anajua. Na kwa upande ule wa milima hakukuwa na mwingine wa kuita. Hira alikuwa bado anajifunza, na ingekuwa aibu kubwa kwake kuita bibi yake akiwa hai, amesimama palepale.

"Na kwenye kibao chini ya sanamu tumeandika hivi," Alison akasema, akatoa karatasi. "Kea: kasuku wa milima yetu. Jina lililoazimwa kutoka Kimaori."

Peti akaichukua karatasi, safari hii na miwani.

"Lililoazimwa," akasema. "Nani aliomba?"

Alison akacheka kidogo, akaona hachekewi, akaacha.

"Mimi mtu akija kuazima sufuria yangu," Peti akaendelea, "anabisha hodi, anaomba, nampa. Hanipokonyi sufuria halafu akanichapa kwa sababu ya mchuzi uliokuwemo. Nitakuja kuita, mwalimu. Lakini kabla sijafungua mdomo, ukurasa huu usomwe pale langoni, mbele ya watu wote. Mstari huo mmoja tu, ulivyoandikwa, na jina la aliyeuandika." Akamsukumia lile daftari jeusi juu ya meza.

Alison akasoma. Akawa mwekundu hadi shingoni. "Ningekuwa mimi ningeusoma leo," akasema polepole. "Lakini lazima kamati ikubali. Na mwenyekiti wa kamati..."

"Namjua mwenyekiti wa kamati."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Craig Haddow, mfugaji, mjukuu wa Haddow. Ukumbi ambao sanamu ingewekwa mbele yake uliitwa Ukumbi wa Haddow.

Craig alikuja kesho yake na mguu wa kondoo umefungwa kwenye gazeti. Hakuwa mtu mbaya. Peti alimjua tangu akitambaa, alikuwa amempikia yeye na baba yake kwenye banda la kukatia manyoya, na ndiyo maana alikuja na mguu wa kondoo na si na barua.

"Bibi Peti, hebu tuongee kama majirani," akasema. "Yalikuwa mambo ya wakati ule. Kila shule walichapa. Mimi mwenyewe nilichapwa."

"Kwa kusema Kiingereza?"

"Si hivyo. Ninachosema, babu alikuwa mtu mwema. Aliujenga ule ukumbi kwa mikono yake."

"Kwa mkono upi, Craig? Maana wa kulia ulikuwa na kazi nyingine."

Craig akashusha pumzi. "Mama yangu atakuwepo. Ana miaka themanini na minne. Unataka asikie baba mkwe wake akisomwa langoni kama mhalifu?"

"Bibi yangu hakuwa na miaka themanini na minne alipokufa akimwita mjukuu wake. Chukua nyama yako."

"Nyama ni zawadi, Bibi Peti."

"Basi iache. Lakini sijanunulika."

Kamati ikakaa. Ikaamua kwamba daftari liwekwe kwenye kabati la kioo pamoja na vitu vingine vya kale, limefunguliwa ukurasa mwingine. Alison alileta habari hizo kwa simu, sauti imemkauka. Hira alilia jikoni. Alitaka kuacha kazi, Peti akamwambia aache upuuzi, watoto wa darasa la pili hawana kosa.

"Utafanyaje sasa, Taua? Hutakwenda?"

"Nitakwenda. Nitasimama langoni. Tuone."

Jumapili iliyofuata Teone akaja kula, na Peti hakumngoja amalize viazi.

"Wewe ndiye mkubwa. Jina lako ndilo la kwanza kwenye mstari. Kamati haiwezi kukuzuia kusoma jina lako mwenyewe."

"Sisomi kitu mimi," Teone akasema. "Yaache, Peti. Mtu amekufa, mkanda umeoza. Unapata faida gani?"

"Faida! Nani anazungumza faida?"

"Unatutia aibu. Craig ni jirani. Mbwa wangu mmoja alinipa yeye."

Peti akaweka uma chini. "Unajua bibi alikuita siku tatu?"

"Usianze."

"Siku tatu, Teone. Alikuwa anataka neno moja tu, lile la ndiyo, alisikie kwa sauti yako. Neno moja halikukutoka. Sasa umekaa hapa unamhurumia mbwa wa Craig."

Teone akanyanyuka. Alikuwa mzee mrefu, mabega yameshuka. Akachukua kofia yake msumarini akatoka bila kuaga, na mbwa wake wakamfuata, na kipande chake cha nyama kikabaki kwenye sahani. Peti akakitupa jalalani kwa hasira, kisha akajuta, maana mbwa wangekila.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, mvua nyembamba ikishuka toka milimani. Nje ya lango walikusanyika watu kama mia mbili na hamsini: waliosoma hapo zamani, wakubwa wa elimu kutoka mjini, mama yake Craig kwenye kiti cha magurudumu chini ya mwavuli, na jamaa wa Peti waliosafiri saa mbili kwa gari kutoka pwani. Ndani ya lango walisimama watoto wa shule na walimu, na mbele yao Peti peke yake, gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani, majani mabichi mkononi. Sanamu ilikuwa nyuma yake, imefunikwa shuka.

Saa nne kamili Alison akamtazama Peti. Peti akatazama mbele.

Zikapita dakika tano. Watu wa pwani walielewa mara moja kwamba kuna jambo, wakatulia kimya, mikono wameikutanisha mbele. Wazungu walianza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama bibi amesahau. Dakika kumi. Mvua ikaongezeka. Mkubwa mmoja wa elimu akatazama saa yake, akanyanyua mguu kama anayetaka kuingia tu, na mama mmoja wa pwani akamwekea mkono kifuani, taratibu, akamrudisha.

Craig akapita kando ya uzio, amelowa, akamsogelea Peti. "Bibi Peti, nakuomba. Watu wanapata baridi."

"Nami napata baridi. Soma ukurasa."

"Haiwezekani. Kamati imeshaamua." Akapangusa uso. Kisha, kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo unapojua kwamba mtu anaweza kukaa na watu miaka hamsini asijue lolote juu yao, akasema, "Basi usijisumbue. Tumepata rekodi. Kuna mama wa kisiwa cha kaskazini aliita kwenye mkutano fulani, sauti safi sana. Tutaiweka kwenye spika."

Peti hakusikia vizuri mvua tena. Alimwona fundi akiburuta waya hadi langoni, akatua spika mbili nyeusi juu ya kiti cha watoto. Wito ule unataja wafu wa mahali na wafu wa wageni. Sasa mama wa watu, asiyejua hata kama Glenorrin ipo, angewaita Mata na wenziwe kwenye spika, kama tangazo la mnada wa kondoo.

"Craig Haddow!" Sauti yake ilifika hadi kwa mwenye mwavuli wa mwisho. "Mlichukua jina la ndege. Mkatuita sisi kwa jina hilo kama wezi. Sasa mmelipenda, mnalivaa, mnalijengea sanamu. Na leo mnataka mchukue wito wangu nao muutoe kwenye boksi ili mimi nisihitajike? Iwashe hiyo. Iwashe uone kama kuna mtu wangu atakayetia mguu ndani!"

Fundi akabaki na waya mkononi. Mama yake kwenye kiti cha magurudumu aliuliza kwa sauti ya kizee, "Anasema nini? Craig, anasema nini huyo?"

Ndipo watu wa nje walipoanza kupisha njia. Teone alikuwa anakuja katikati yao, kofia mkononi, koti lake la kuchungia limelowa tepetepe. Peti hakujua kwamba alikuwapo. Alifika langoni, hakuvuka. Akanyoosha mkono kwa Hira, aliyekuwa amesimama na watoto wa darasa lake.

"Nipe hicho kitabu, mwanangu."

Hira hakuwa amekiweka kwenye kabati la kioo. Alikuwa nacho chini ya koti tangu asubuhi, na kama wangemfukuza kazi wangemfukuza. Akakipitisha juu ya lango.

"Teone," Craig akasema, "rafiki yangu..."

"Sogea, Craig. Unanizibia mwanga."

Akasoma. Alisoma vibaya, kama mtu aliyeacha shule mapema, akikwama kwenye tarakimu. Alisoma tarehe. Alisoma jina lake na umri wake, na la dada yake na umri wake. Alisoma kosa. Alisoma viboko vinne, na jina la Haddow, lote, na cheo chake. Kisha akafunga daftari, na watu wote wakadhani amemaliza.

Hapo ikasikika sauti ya mpira ukichanwa. Kea alikuwa ametua juu ya gari la Craig, anang'oa mpira wa kioo cha mbele, anauvuta kwa mguu na mdomo kama utumbo wa kuku. Baadhi ya wageni walicheka, wengine wakatoa simu wapige picha. Teone aligeuka akamtazama. Aliwahi kuua ndege wa aina ile zaidi ya mia tatu.

Kisha Teone akasema, kwa Kimaori, kwa sauti iliyokatikakatika: "Karibu, kea. Wameamkaje huko juu?"

Watu wa pwani wakaguna kwa pamoja, mguno wa chini kabisa. Alison alikuwa amefunika mdomo. Craig alimtazama Teone, akatazama gari lake. Akainama mwenyewe akachomoa waya wa spika.

Peti akavuta pumzi akaita. Aliita kwa hasira, hakuipunguza hata kidogo, na sauti ikapanda hadi theluji. Alimwita Mata kwa jina lake lote. Aliita watoto wote wa bonde waliochapwa, wale aliowakumbuka, mmoja mmoja, na walikuwa wengi kuliko Craig alivyodhani. Mwisho akawaita wageni, maana walikuwa wamelowa. Ndipo wakavuka.

Sanamu ilifunuliwa, watu wakapiga makofi. Kibao kilikuwa na maneno yaleyale. Kwa hilo Peti aliahidi kurudi Jumatatu.

Baadaye wote waliingia ukumbini kula, kwa kuwa baada ya wito lazima watu wale. Watu wa pwani walileta ndege wa baharini waliohifadhiwa kwa chumvi, wanono, wa kuchovya mkate, na harufu yake ilijaa Ukumbi wa Haddow hadi kwenye mapazia. Teone alikuwa amekaa mwisho wa meza, peke yake, koti bado limemganda mwilini. Peti akaja na sahani mbili, akamsukumia moja, akakaa mbele yake.

"Umechelewa," akamwambia.

"Najua."

"Bibi hakusikia."

"Najua, Peti."

"Na mimi bado nina hasira na wewe."

"Kasirika tu."

Wakala kidogo. Peti aliguguna mfupa, akauweka ukingoni mwa sahani, akafuta vidole.

"Haya," akasema. "Sema tena."

Teone akapangusa mafuta mdomoni kwa mgongo wa mkono, akatazama chini, akasema tena, maneno yote, neno kwa neno, na safari hii hayakukatika.

"Wameamka salama," Peti akamjibu kwa Kimaori. "Wanakuulizia."